Kijana Anatoka Jela na Alikuwa Anatumia Unga, Tumpokeeje? Shangazi Anajibu Barua Zenu

Wapendwa wasomaji, barua za mwezi huu nimechagua zinazofanana, zote ni za vijana wetu waliokuwa wanatumia unga, yaani heroini, au vidonge wakakamatwa wakafungwa, sasa wametoka au wako mbioni kutoka. Ya kwanza nimeijibu ndefu kweli mniwie radhi, ndani yake kuna vitu ambavyo familia nyingi haziambiwi na mtu yeyote mpaka maji yashazidi unga. Majina ya walioandika nimeyaacha.

SWALI: Shangazi habari za majukumu. Mimi ni mama wa watoto wanne naishi Temeke. Mwanangu wa pili ana miaka 22, alianza unga akiwa na 17, kwanza kokteli, unga uliochanganywa na bangi, na wenzake baadae akawa anajidunga kabisa, tumehangaika nae, ameuza mpaka sufuria zangu. Mwaka jana mwanzoni alikamatwa na simu ya mtu akafungwa. Nakwenda kumuona, Shangazi mtoto amenenepa, ngozi imetakata, anaswali, ananiambia mama mimi unga nimeshasahau na mimi naamini kwa macho yangu. Anatoka mwezi ujao. Baba yake anataka siku hiyohiyo apandishwe basi aende Handeni kwa babu yake akalime, akae mbali na wale wenzake. Mimi nimechukua mkopo kwenye kikoba nimnunulie pikipiki apate shughuli, dada zangu nao wanasema tumuozeshe atatulia. Kila mtu anasema lake. Nianzie wapi? Mama, Temeke.

JIBU: Mama mwenzangu pole, na hongera kwa kwenda kumuona muda wote huo, wengi wakishaingia mle hata sabuni hawapelekewi.

Nianze na hilo la kunenepa. Ni kweli amenenepa na ni kweli arosto imekwisha, mwili wa mtu aliyekosa heroini unahangaika kama wiki moja hivi, kuharisha, kutapika, mifupa kuuma, usingizi hakuna, halafu unatulia. Ila kilichotulia ni mwili tu. Hamu yenyewe iko kichwani na inamsubiri mtaani, kwenye ile kona aliyokuwa ananunulia, kwenye sauti ya rafiki, kwenye hela ikiwa mkononi. Jela imemnyima unga lakini haijamtibu. Kwahiyo akisema amesahau wala hakudanganyi, pale alipo amesahau kweli kwa sababu vitu vya kumkumbusha ni vichache (japo tusidanganyane, magerezani nako vitu vinaingia).

Sasa kuna hili ambalo naomba ulisome mara mbili na umsomee na baba yake. Mtu anayetumia kila siku mwili wake unazoea, kipimo ambacho kingemuua mgeni yeye anapiga halafu anakwenda zake stendi kupiga debe. Akikaa mwaka bila kutumia, yale mazoea yanaondoka yote, ila kichwa bado kinakumbuka kipimo cha zamani. Anatoka, anakutana na wenzake, karibu uraiani mwanetu, wanamchangia kete ya kumkaribisha, anajidunga kile kipimo alichokiacha na pumzi inakata palepale. Halafu msibani tunaambiana amewekewa sumu, au wale maadui zake wamemmaliza, kumbe ni mwili tu haukuwa na mazoea tena. Watafiti wa jimbo la Washington kule Marekani walifuatilia watu zaidi ya 30,000 waliotoka magerezani, wakachapisha matokeo mwaka 2007, wakakuta kwenye wiki mbili za kwanza mtu aliyetoka jela yuko kwenye hatari ya kufa kwa kuzidisha dawa mara 129 kuliko mtu wa kawaida wa jimbo hilohilo. Wiki mbili mama. Huko ni kwao na unga wa kwao, lakini mapafu ni haya haya.

Kwahiyo mimi ningekuwa wewe nguvu zangu zote na hela zote ningezielekeza kwenye hizo wiki mbili kwanza, mambo ya pikipiki na harusi yakafuata nyuma huko.

Usisubiri mwezi ujao. Kwanza tarehe yenyewe inaweza kusogea, mfungwa mwenye tabia njema hupunguziwa theluthi ya kifungo, na kuna misamaha ya Rais ya Aprili 26 na Desemba 9, unashtukia mtoto yuko mlangoni ana mfuko wa rambo na nyumbani hamjajipanga kitu. Nenda wiki hii kliniki ya methadone, ile dawa ya kunywa ya kuwatibu watu wa unga, wewe uko Temeke na hospitali yenu ya Temeke ina kliniki hiyo, nyingine ziko Muhimbili ambako ndiko ilikoanzia hii huduma mwaka 2011, na Mwananyamala. Ulizia ofisa ustawi wa jamii wa kliniki, mweleze kijana anatoka gerezani tarehe fulani, alikuwa anajidunga, ana historia hii na hii. Huduma yenyewe ni bure. Watakwambia kama aje moja kwa moja au apitie kwanza kwenye asasi za mtaani zinazowaandikisha, na watataka ndugu mmoja wa kumsimamia, huyo ndugu awe mtu anayeweza kuamka asubuhi kweli, usiandike jina la mjomba wa maneno tu. Na huko gerezani uliza zahanati yao kama amekuwa akipata dawa yoyote mle ndani, ukipata karatasi ya matibabu yake ichukue.

Najua utaambiwa methadone ni kumtoa kwenye unga na kumuingiza kwenye unga mwingine wa serikali. Nimelisikia hilo mpaka kwa watu wenye digrii zao. Methadone inanywewa mbele ya nesi mara moja kwa siku, inakaa mwilini zaidi ya saa 24, ikishapatikana dozi inayomfaa mtu hapati stimu wala hapati arosto, anakwenda kazini, anakula, analala na mkewe. Wanaanza na dozi ndogo wanapandisha taratibu kwahiyo zile wiki za mwanzo anaweza bado kujisikia vibaya, usimwambie hiyo dawa yenu haifanyi kazi acha. Na kwa vile yeye ameshakaa bila kutumia muda mrefu daktari ndiye ataamua kama anahitaji kuanza au kuna njia nyingine, wewe kazi yako ni kumfikisha. Akishaanza akikosa siku tatu mfululizo asipewe na mtu dozi yake ileile ya zamani, lazima aonwe upya, sababu ni ileile ya mazoea niliyoeleza juu.

Ndio maana Handeni mimi siipendi kwa sasa. Namuelewa baba, anataka kumuweka mtoto mbali na moto. Lakini kule atafikaje kliniki kila asubuhi, Jumapili na sikukuu zikiwemo? Na babu hajui hata kuzidisha dawa kunafananaje, akimkuta mjukuu anakoroma atasema amechoka na shamba. Vijana wanaopelekwa kijijini kwa nguvu nao huwa wanapanda basi la kurudi wenyewe, na wanaposhuka kituo cha kwanza ni maskani. Akishatulia kwenye dawa, miezi imepita, aende akamsalimie babu yake kwa ruhusa ya kliniki, hapo sina neno.

Pikipiki pia isubiri. Bodaboda ni kazi nzuri kwa mtu mwingine, kwa huyu ni hela taslimu kila nusu saa, kutwa kijiweni, na jioni hesabu ya tajiri au marejesho ya kikoba yanamkaba, na siku arosto au hamu ikimkamata pikipiki inauzwa kwa bei ya kete, wewe unabaki na deni la wanakikoba. Mtafutie kitu cha mchana mzima kwa mtu anayemjua historia yake na hamuonei haya, gereji, kwa fundi seremala, hata dukani kwa ndugu, malipo ya wiki na mkubaliane nae mwenyewe hela zikae wapi. Nasema mkubaliane nae, ana miaka 22, ukimnyang'anya kila kitu utakuwa umemjengea gereza la pili na atalitoroka. Baadae sana kama amesimama, kuna ile mikopo ya halmashauri, asilimia 4 ya mapato yao ya ndani inatengwa kwa vikundi vya vijana, ajiunge na wenzake.

Kuhusu kumuozesha, waambie dada zako binti wa watu sio dawa. Basi.

Nyumbani sasa. Asilale peke yake wiki hizo za mwanzo, alale na kaka yake chumba kimoja, na mlango usifungwe kwa ndani, choo nacho komeo lile liwe la kufunguka kwa nje, watu wengi wanafia chooni wakiwa wamejifungia. Msimfanyie sherehe kubwa ya mtaa mzima, pika wali wenu, kula na wanao. Simu yake ya zamani kama ipo ile laini ina namba za wauzaji, atafute mpya, na kwa vile laini inasajiliwa kwa alama ya kidole na namba ya NIDA hakikisha kitambulisho chake kipo maana hawa watoto huwa wameshaviweka rehani. Umwambie pia bila kupepesa macho, mwanangu mimi sitaki utumie, lakini ikitokea umetumia usijifiche peke yako na usipige kipimo cha zamani, uniite hata saa nane za usiku. Kuna wazazi wanaona kusema hivyo ni kumruhusu. Wewe sema tu.

Dalili za kuzidisha ni hizi: humuamshi hata ukimtikisa, anapumua kwa mbali sana au anakoroma na kukwaruza kooni, midomo na kucha zinageuka rangi, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Muite kwa nguvu, msugue mfupa wa katikati ya kifua kwa ngumi. Haamki, msaidie kupumua mdomo kwa mdomo, akianza kupumua mlaze kwa ubavu asipaliwe na matapishi, na mkimbizeni hospitali mkisema wazi ametumia nini. Msimnyweshe maziwa, msimdunge maji ya chumvi, msimmwagie ndoo ya maji mkakaa kusubiri, na msianze na kituo cha polisi. Hospitali kuna dawa inaitwa naloksoni inarudisha pumzi ndani ya dakika chache, na Shirika la Afya Duniani tangu 2014 linashauri hata ndugu na marafiki wa watumiaji waipate na wafundishwe kuitumia, kwahiyo uliza kliniki yenu wana utaratibu gani.

Kitu cha mwisho kwako, kikohozi. Magereza yana msongamano na TB inapenda sehemu hizo. Apime TB, apime virusi vya Ukimwi na homa ya ini maana alikuwa anajidunga. Akikutwa na TB akaanzishiwa dawa halafu yuko kwenye methadone, waambie kliniki zote mbili, kuna dawa moja ya TB inaitwa rifampisini inaifanya methadone iishe mwilini haraka, mtoto anaanza kutetemeka usiku na jasho na kulalamika, nyumbani mnasema huyu amerudia anatafuta visingizio, kumbe dozi inatakiwa ipandishwe tu.

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni dada mtu niko Kisauni Mombasa. Ndugu yangu mdogo alishikwa akiwa na miaka 16 akapelekwa Borstal, jela ya vijana, pale Shimo la Tewa, sasa ashatoka ana miaka 19. Alokuwa akitumia ni vidonge vya bugizi na bangi, unga hajaujua. Mwanzo alikuwa mzuri, sahizi karudi maskani, tena kila siku, akija jioni maneno yanamtoka yamelegea, asubuhi hakumbuki alofanya jana. Mume wangu asema nimtoe nyumbani, na mama yetu ashafariki, hana kwengine. Nimeanza kumfungia ndani na kumficha pesa asinunue vidonge, siku tatu nne atakuwa ashawacha, sivyo? Dada mtu, Kisauni.

JIBU: Marahaba mwanangu. Mfungulie mlango kwanza halafu uendelee kusoma.

Bugizi ni vidonge vya usingizi, ukoo mmoja na Valium, na hivi ndivyo vya kuogopa kuvikata ghafla kuliko hata unga. Arosto ya unga inatesa lakini kwa kijana mwenye afya ni nadra kuua, ila mtu aliyezoea bugizi kila siku akinyimwa ghafla anaweza kuanguka kifafa, tena sio siku ya kwanza, inaweza kuwa ya pili ya tatu hata baada ya wiki, wakati wewe unajipongeza kuwa mambo yanakwenda. Hivi vinapunguzwa kidogo kidogo na daktari. Kwahiyo mchukue mpeleke hospitali yenye kitengo cha afya ya akili, waambie anakula vidonge vingapi kwa siku na tangu lini, idadi ya kweli, asione haya. Methadone haimhusu, ile ni ya watu wa unga, ila mpo Kisauni na kliniki ya methadone iko hapohapo, wahudumu wake wanajua wa kumtuma kwa nani. Ukikwama kabisa NACADA, mamlaka yenu ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana namba ya bure 1192.

Na muonye kitu kimoja, bugizi na pombe, au bugizi na unga, hiyo mchanganyiko inazima pumzi. Wengi walioanza na vidonge maskani wanakuja kuonjeshwa unga juu yake, na yeye unga hajaujua, mwili wake hauna mazoea nao hata kidogo.

Muulize kama kapewa afisa wa probesheni wa kumfuatilia. Watoto wetu wanawakimbia hawa maafisa wakidhani wanataka kuwarudisha ndani, lakini afisa mzuri ndiye mtu mwenye namba za simu ambazo wewe huna, anaweza kumtafutia nafasi ya matibabu na hata kuongea na fundi amchukue. Muulize na cheti. Kule wanafundishwa useremala, kushona, kuchomelea na kadhalika na wengine wanafanya mtihani wa gredi, kama alifanya cheti chake kifuatiliwe, kisilale kwenye droo ya ofisi ya mtu. Hata bila cheti, fundi wa juakali haulizi karatasi nyingi, anaangalia mkono.

Shemeji yangu huyo, mumeo, usigombane nae. Kaa nae umuulize anachoogopa hasa ni kipi. Kama ni wizi, vitu vya thamani vihamishwe na wewe ndo uwajibike. Kama ni watoto wenu kumuona akiwa amelewa, muwekeane sheria kwamba akija amekula vidonge haingii sebuleni, anapitia nyuma analala. Na muwekeane muda, labda mpaka amalize kupunguziwa vidonge, halafu mzungumze tena. Mume akiambiwa mpaka lini huwa analegea, akiambiwa ni ndugu yangu vumilia tu ndo anapandisha sauti.

SWALI: Shangazi asalaam alaykum. Mimi kijana wa Unguja nna miaka 24. Nimetoka Chuo cha Mafunzo, ndiyo jela yetu huku, kabla ya Ramadhani, nilikuwa mtumiaji wa brown, yaani unga. Mwezi mtukufu wote nilikuwa mzima nnakwenda mikutanoni kwa wenzetu walioacha, Idi pili jamaa wakanipa pesa za sikukuu nikateleza mara moja. Tangu hapo nnaona haya, mkutanoni siendi, soba, ile nyumba ya wanaoacha unga niliyokaa zamani, hata mbele yake sipiti. Usiku nnaota natumia, naamka nimeroa jasho. Mtaani wananiita teja hata pale nilipokuwa sijagusa kitu. Ndo nisharudi? Kijana, Unguja.

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Hujarudi. Umeteleza siku moja ukanyanyuka, na umekaa chini ukaandika barua, mtu aliyerudi hana muda wa kuandika barua.

Mshukuru Mungu uliamka hiyo Idi pili, nasema hivyo kwa dhati. Umetoka Chuo cha Mafunzo umekaa bila kutumia, ukaongeza na mwezi wa kufunga, halafu pesa za sikukuu mfukoni. Ninyi vijana mna hii desturi ya kusema nafunga mwezi halafu nitaona baada ya Idi, na baada ya Idi ndiko tunakokwenda kuzika. Mwaka ujao pesa za Idi mwambie mama azipokee yeye, na jamaa wenye mapenzi wakununulie kanzu.

Hizo ndoto ni kawaida, zinawatokea hata waliokaa miaka mingi bila kugusa. Zinakuja zaidi pale mtu anapokuwa na wasiwasi au amepita sehemu za zamani, na hofu unayoamka nayo inaonyesha hutaki kurudi kule. Usingizi wenyewe unachukua wiki hata miezi kukaa sawa baada ya heroini, usije ukaenda duka la dawa kununua vidonge vya usingizi, hapo utafungua mlango mwingine, nimetoka kumjibu dada wa Kisauni.

Mkutanoni rudi leo. Soba za Unguja tangu zilipoanza 2009 zinaendeshwa na watu waliokuwa watumiaji wenyewe, sasa utamuonea haya nani? Yule anayeongoza mkutano ameteleza, aliyekaa kushoto kwako ameteleza, wengine mara nyingi tu. Wanachotaka ni useme mapema ungali na mguu mmoja nje. Ukiona kuteleza kunajirudia, au kila hela ukiipata mkono unawasha, nenda Kidongo Chekundu wakutazame kuhusu methadone, ipo pale tangu 2015. Kuna watu wa soba na kuna watu wa methadone na wakati mwingine wanabishana kama watani wa jadi kuhusu nani ni soba wa kweli, usiingie kwenye ubishi huo, fuata kinachokuweka hai.

La kuitwa teja sina dawa nzuri, nakwambia ukweli. Watu wa mtaa wanachukua muda mrefu kusahau kuliko mahakama. Kuhama kabisa si lazima, ila badilisha njia ya kupita, badilisha baraza unayokaa jioni, msikiti usiuache kwa sababu ya watu wawili wanaokutazama viatu. Na usijieleze kwa kila mtu. Chagua mmoja, imamu, mjomba, jirani wa zamani, huyo ajue kila kitu na awe anaulizwa wengine wakitaka kukuajiri.

SWALI: Shangazi, binti yangu ana miaka 20, yupo kwenye methadone hapa Mwanza. Alibebwa kwenye msako akakaa mahabusu, dawa ikakatika, alipotoka akaanzishwa tena. Sasa ana mimba ya miezi minne. Majirani na hata shangazi zake wanasema methadone inaharibu mtoto aiache mara moja, na mimi naona aibu kwenda nae kliniki ya wajawazito watu watasemaje. Mama, Mwanza.

JIBU: Mama, asiache. Dawa hiyo ikikatwa ghafla arosto inampata yeye na mtoto tumboni, mimba inaweza kutoka au uchungu ukaja kabla ya wakati, na zaidi ya hapo ataikimbilia kete. Mjamzito anayetumia heroini hata duniani kote madaktari wanamshauri awe kwenye methadone au dawa ya aina hiyo. Mimba ikikua dozi yake inaweza kuhitaji kupandishwa maana mwili umeongezeka, msishtuke mkadhani anazidi kuwa teja.

Ajifungulie hospitali, tena hospitali kubwa, sio kwa mkunga wa nyumbani. Mtoto anaweza kuzaliwa akawa analia sana, anatetemeka, hanyonyi vizuri siku za mwanzo, hiyo inatibika na inapita ila lazima wauguzi wamuangalie siku kadhaa kwahiyo msiombe ruhusa mapema. Kunyonyesha anaweza akiwa kwenye methadone na haongezi vitu vingine, na kama amepima VVU na anavyo basi afuate maelekezo yao hapohapo kliniki. Na siku ya uchungu waambieni kabisa yupo kwenye methadone, ile dozi yake ya kila siku haimtoi uchungu wa kuzaa, atahitaji dawa ya maumivu ya wenzake wote. Kuna wauguzi watamwambia si umeshakunywa yako asubuhi, hapo wewe mama ndo uwe na mdomo.

Kuhusu aibu. Nimeona mara nyingi familia inauza kiwanja kumpeleka kijana wa kiume soba, wa kike akitumia anafichwa chumba cha uani na kila mtu anajifanya hayupo, soba za wanawake zenyewe ni chache za kuhesabu. Halafu anayelipia ni huyo mtoto wa tumboni. Na huyo aliyempa mimba je, anatumia? Maana kama anatumia na wanalala chumba kimoja hiyo kliniki ya asubuhi atashindwa kuiendea, muulize taratibu mkiwa wawili tu na usimalizie na matusi. Kukamatwa tena kunaweza kutokea, kwahiyo uwe na namba ya nesi wa methadone kwenye simu yako, siku akibebwa uwapigie siku hiyohiyo waseme na kituo dozi isikatike. Na kadi ya wajawazito na kadi ya methadone azibebe pamoja kila anapokwenda, mkunga akiomba moja aonyeshwe zote mbili.